Jina la Sita kwenye Karatasi ya Marehemu

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na sita. Rafiki yangu Lihanda anasema mtu wa umri huo hastaafu, anaacha kazi tu, lakini nimelifikiria neno hilo kwa wiki tatu na bado naona linanifaa. Nimerudisha funguo za stoo. Nimerudisha koti la mvua. Kwenye kiti changu sasa anakaa Ambani, na Jumatatu ijayo naanza kufundisha fizikia katika shule moja huko Matungu. Kwa hiyo nakuandikia wewe, Ambani, na wengine watakaokuja baada yako kukodisha na kufunga vyombo vya sauti hapa Kakamega. Nililipwaje na nilipandishwaje cheo si habari yenu, na kwa kweli si habari ndefu.

Siku ya kwanza nilikuja na shahada yangu ndani ya bahasha ya plastiki. Mzee Shimuli, mwenye vyombo, hakuifungua. Aliniuliza, "Unajua sauti ni nini?" Nikamweleza kuhusu mawimbi kwa dakika tatu hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akanipa waya wa mita ishirini. "Haya. Kunja."

Nilikunja kwa siku nne. Waya wa kipaza sauti haukunjwi kwa kuzungusha kwenye kiwiko kama kamba ya ng'ombe. Duara moja unaliweka kwa juu, linalofuata unaligeuza kwa chini, ili siku ya kuutumia uutupe na ulale sakafuni bila kujisokota. Siku ya tano alipita, akautazama, akasema, "Huyu sasa amelala." Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupata kwake, na alikuwa akiusifu waya.

Vifaa vyako ni hivi: tepu nyeusi, bisibisi mbili, betri ambazo umezijaribu mwenyewe, tochi, na vibanio vya nguo. Msicheke vibanio. Kwenye uwanja wa matanga upepo ukivuma, karatasi ya mchungaji ikiruka, lawama ni yako. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni matanga, halafu harusi, halafu ibada za nje. Mara moja kule Shinyalu spika zilianza kupiga mbinja wakati mjane anaongea. Mimi nilikimbia. Mzee Shimuli alinishika mkono, akatembea polepole hadi kwenye spika, akaigeuza kidogo kwa kiganja chake, mbinja ikakoma. Baadaye aliniambia, "Ukikimbia umewatangazia watu kwamba kuna kosa. Tembea. Watadhani ulikuwa unaenda mahali."

Nilijifunza kutembea, lakini moyo wangu bado unakimbia. Mimi ni mtu wa kuwaza. Kabla ya kila kazi nilikuwa naorodhesha kila kitu kinachoweza kuharibika, hata paa. Mzee Shimuli alikuwa akisema nikimaliza kuwaza nimwite, aendelee na kazi. Nayasema haya ili uelewe kwamba kosa ninalotaka kukueleza halikufanywa na mtu mzembe. Lilifanywa na mtu aliyewaza nusu saa nzima juu ya kitu kisichofaa.

Kosa lenyewe lilihusu karatasi ya majina ya Mzee Makomere.

Umemsikia mara moja tu, kwa hiyo nitaeleza kwa ajili ya wengine. Mzee Makomere anapiga gitaa kavu, lisilo na umeme, na kando yake hukaa kaka yake mdogo akigonga chupa ya soda kwa ufito wa chuma. Haimbi kwa nguvu. Anaimba kama mtu anayekusimulia jambo mkiwa wawili jikoni, na watu mia tatu hunyamaza ili wasimkatize. Kila onyesho lake lina wimbo mmoja mrefu unaosubiriwa na wote. Kwanza anawataja marehemu, mmoja mmoja, jina na nyumbani kwao, na watu wa familia hiyo huitikia kwa kuguna kwa chini, wakiwa wameketi. Akimaliza hao anabadilisha mkono kwenye nyuzi, anawasalimia walio hai, na hapo watu husimama, hucheka na kupiga vigelegele.

Majina hayo huandikwa na sisi watu wa vyombo, kwa sababu ni dukani kwetu watu hununulia tiketi. Karatasi mbili: moja ya marehemu, moja ya walio hai. Kila familia majina sita, zaidi ya hapo jioni itatukuta ukumbini. Na kila jina unamsomea aliyelileta kabla hajaondoka. Hiyo ni sheria ya Mzee Shimuli, na haina ubaguzi.

Alhamisi ya wiki yangu ya mwisho nilikuwa nanakili majina ya onyesho la Jumamosi ya wiki iliyofuata. Rafiki yangu Khasandi hakuja dukani. Alinitumia ujumbe wa simu: majina matano ya marehemu wao, bibi, babu, mjomba, shangazi na mtoto mmoja aliyekufa mdogo, na chini yake, "Na Mama asalimiwe." Ujumbe ulikuwa wazi kabisa. Lau angekuwa mgeni ningempigia simu nimsomee. Lakini nimekula nyumbani kwao tangu shule ya msingi. Nitamsomea nini mtu ninayemjua hivyo?

Nilichowaza nusu saa ni hiki: niandike "Mama Khasandi," au jina lake kamili, Peris Imali? Mama Khasandi ni heshima, lakini kina mama wenye watoto wanaoitwa Khasandi wako wengi mjini. Peris Imali ni wazi zaidi, lakini je, ataona nimemkosea adabu kumwita kwa jina? Mwishowe niliamua Peris Imali, nikaandika kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini, nikaandika sita pembeni.

Niliandika kwenye karatasi iliyokuwa mbele yangu. Sikuangalia ni ipi.

Sasa ni lazima ujue hali ya Mama Khasandi wakati huo. Alikuwa na uvimbe tumboni. Madaktari walikuwa wamempangia kupasuliwa mara mbili, na mara mbili alikuwa amekataa. Mara ya kwanza alifika hadi langoni akageuka. Mara ya pili jirani aliota ndoto mbaya, akaja kuisimulia asubuhi na mapema, na basi. Daktari alikuwa amemwambia Khasandi kando kwamba hawana muda wa kuahirisha tena. Sasa Mama alikuwa amekubali kwa mara ya tatu. Angepasuliwa Jumatatu. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya hapo: Jumamosi akae mbele, amsikie Makomere.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo, saa nane mchana, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu niliingia kwenye ukumbi ule kwa mlango wa mbele, na tiketi mkononi, kama binadamu wengine. Tuliketi mstari wa kwanza. Mama upande wa njia, kwenye kiti kilichowekewa mto, kisha Khasandi, kisha mimi, kisha Lihanda. Nilikuwa nimeapa sitagusa waya wowote.

"Umeanza," Khasandi aliniambia.

"Nimeanza nini?"

"Unaangalia spika. Mwangalie mtu, si spika."

"Ile ya kushoto iko karibu sana na ukuta."

"Mwache Ambani na spika zake," Mama alisema bila kugeuka. "Umestaafu. Wastaafu hukaanga njugu nyumbani wakilalamika."

Wewe ulikuwa nyuma mezani, umevaa koti langu, na kusema kweli spika ya kushoto ilikuwa sawa. Mzee Makomere alitoka bila mbwembwe, akaweka miwani, akakohoa. "Mulembe," akatusalimu. Ukumbi ukamjibu mulembe. Akapiga nyimbo nne za mwanzo, ule wa fundi baiskeli, ule wa shamba la miwa lililoungua, na mbili ambazo sikuzijua. Mama alikuwa akitikisa kichwa polepole, mikono imelala juu ya mkoba. Sijui kama nimewahi kumwona ametulia vile tangu augue. Nilianza hata mimi kusikiliza.

Kisha kaka yake Makomere alibana karatasi mbili kwenye stendi kwa kibanio cha nguo, na watu wakajiweka sawa vitini, maana walijua kinachofuata.

Lihanda aliniinamia sikioni. "Jina langu umeliandika?"

"Nimeandika."

"Kwa wazima, lakini. Nakujua wewe, usije ukanizika."

Alikuwa anatania. Lakini kichwa changu kinapopewa kitu kama hicho hakikirudishi. Nikaanza kuzipitia karatasi akilini. Karatasi ya walio hai: nilimwona Lihanda, nikamwona mwalimu mkuu, nikawaona watu wa kwaya. Sikumwona Mama. Nikarudi juu, nikapitia tena. Hakuwepo. Nikahamia karatasi ya marehemu. Nyumba ya kina Khasandi ilikuwa ya nne kutoka juu, nikaukumbuka mstari nilioupiga chini yao, nikaikumbuka sita niliyoiandika pembeni. Sita. Marehemu wao walikuwa watano.

Nilijiambia kwamba mimi huwazanga hivi kila siku na mara nyingi huwa hakuna kitu. Nilijiambia nihesabu upya. Nilihesabu upya, ikatoka sita.

Mzee Makomere alikuwa ameshaanza. Familia ya kwanza ilikuwa nyuma yetu upande wa kulia, ikaguna. Kila jina linachukua muda wa kupumua mara saba au nane, niliwahi kulipima. Nyumba tatu kabla ya kina Khasandi, halafu marehemu watano. Nilikuwa na muda, lakini si mwingi.

Niliangalia juu. Hapa kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, na ikigonga mabati ya ukumbi ule husikii hata kengele. Miaka mitatu nimeichukia mvua hiyo. Siku ile niliiomba kwa moyo wote. Kupitia dirishani mbingu ilikuwa nyeusi upande wa msitu, na haikutoa hata tone.

Nikainuka. Khasandi akanitazama. "Choo," nikasema. Nilitembea. Nakuhakikishia, Ambani, kwamba nilitembea, ingawa wewe ulisema baadaye nilifika mezani kwako nikihema.

"Zima kipaza cha Mzee," nilikuambia.

"Nini?"

"Dakika mbili tu. Jifanye kimeharibika, nipande nikishughulikie."

"Dada Mmbone, umerogwa? Siku yangu ya kwanza peke yangu, nizime Makomere? Katikati ya marehemu?"

"Kuna jina la mtu aliye hai kwenye karatasi ya marehemu. Ni kosa langu. Ni mama yule wa mstari wa mbele."

Ulimwangalia, ukaniangalia. "Mwambie Mzee Shimuli."

"Yuko wapi?"

"Ameenda kuweka mafuta kwa jenereta."

Nyumba ya tatu ilikuwa inaguna. Sikukulaumu wakati ule na sikulaumu leo. Ulifanya nilichokufundisha mimi mwenyewe, kwamba kipaza cha anayeimba marehemu hakiguswi na mtu asiye na sababu. Nilichukua tepu na bisibisi kutoka mezani. Katika wimbo ule mtu mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kupita mbele ya Mzee, naye ni mtu wa vyombo. Watu walikuwa wamenizoea hivyo kwa miaka mitatu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa nilipopita kando ya ukuta, nikapanda ngazi mbili za jukwaa, nikapiga goti kando ya stendi.

Na pale niliuona mwandiko wangu. Mwandiko mzuri sana. Jina la bibi yao, ambalo Mzee alikuwa analiimba wakati huo huo. La babu. La mjomba. La shangazi. La mtoto. Peris Imali.

Nilijifanya nakaza skrubu. "Mzee," nikanong'ona. "La sita ni mzima." Hakunisikia. Gitaa lilikuwa linalia karibu na sikio lake, na anapoimba hufumba macho, hulifungua moja tu anapohitaji kusoma. Nikapeleka mkono kwenye kibanio. Nilitaka kuishusha karatasi kidogo tu, jina la mwisho lijifiche nyuma ya chuma. Jicho likafunguka. Na bila kukatiza wimbo, kwa sauti ile ile ya kumwambia babu yao alale salama, akaniimbia:

"Na wewe mtoto wa vyombo, ondoa mkono kwenye karatasi yangu."

Ukumbi ukacheka, kile kicheko cha chini cha watu walio kwenye maombolezo. Mama naye alicheka. Khasandi hakucheka. Alikuwa ameniona uso.

Mjomba akapita. Shangazi akapita, na Mama akaguna, maana alikuwa wifi yake. Nilikuwa bado nimepiga goti. Niliwaza kuichana karatasi, nikawaza ingekuwaje mbele ya familia nyingine zilizobaki chini yake, ambazo zilikuwa zimesubiri tangu saa nane. Niliwaza kusimama na kupaza sauti, na nilijua nikisema "huyo ni mzima" ni sawa na kulisema jina mwenyewe. Haya yote niliyawaza wakati mtoto yule anaimbwa, na mstari wake ni mfupi kwa sababu hakuishi sana.

Nikang'oa plagi ya kipaza sauti.

Niliwaza kwamba sauti ingepotea, Mzee angesimama kuuliza, ningepata nafasi. Hilo ndilo jambo ambalo shahada yangu ilipaswa kunifundisha na haikunifundisha. Spika zilipozimika, watu mia tatu walishika pumzi ili wamsikie. Hapakuwa na kikohozi. Hapakuwa na kiti kilicholia. Na katika kimya kile Mzee Makomere, bila umeme wowote, kwa sauti yake laini ambayo sasa ilifika hadi mlangoni, aliimba, "Na Peris Imali, binti wa Shinyalu, ulale salama, mama."

Gitaa lilikoma. Nadhani macho yake yalifunguka yote mawili, akamwona aliyekaa mbele yake. Kaka yake hakuwa anafuatilia. Chupa iliendelea kugongwa peke yake mara nne, tano, kisha ikanyamaza.

Khasandi alikuwa amesimama na mkono mdomoni. Nyuma yao mwanamke mmoja alisema, "Woi! Mkosi!" na mwingine akasema, "Mtoeni nje, mtoeni, asikae pale." Mama hakuwa ametingishika. Mikono yake ilikuwa bado juu ya mkoba.

"Makomere," akasema.

"Mama."

"Unanizika. Nani amekuambia?"

"Imeandikwa, mama." Aligusa karatasi kwa kidole, kama mtu anayegusa chungu cha moto. "Nasoma tu."

"Nani ameandika?"

Ningeweza kunyamaza. Nakwambia ukweli, niliwaza hilo pia. "Ni mimi, Mama," nikasema, nikiwa bado nimepiga goti na plagi mkononi.

"Wewe Mmbone? Uliyekula kuku kwangu, ingokho ya Krismasi? Mpaka ukaongezewa?"

"Ndiyo, Mama."

"Mapaja mawili."

"Ndiyo, Mama."

"Mama, twende nyumbani," Khasandi alisema. Alikuwa analia. "Twende. Hospitali tutapanga siku nyingine." Akanitazama, na sitaki kueleza macho yale. Miezi saba amembembeleza mama yake. Miezi saba, na mimi nimeifuta kwa kalamu.

"Nyumbani kufanya nini?" Mama akamuuliza. Alijishikilia kwenye kiti, akasimama, taratibu, maana tumbo lilikuwa linamsumbua. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama na hakuna aliyekuwa na uhakika anatazama nini. "Ngojeni. Ngojeni kwanza nijisikie." Akajipapasa tumbo, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. "Mara mbili nimekataa kupasuliwa kwa sababu niliogopa kufa. Sasa nimekufa hapa, kwenye kiti, mbele ya watu. Nimeimbwa. Mmeguna?"

Kaka yake Makomere akaiweka chupa chini.

"Hamkuguna hata kuguna! Na goti bado linaniuma."

Lihanda ndiye aliyeanza. Alijaribu kujizuia, ikamtoka puani. Kisha mtu wa nyuma, kisha wa pembeni, si kicheko kizuri, kicheko cha watu walioogopa. Mama hakucheka. Alininyoshea kidole.

"Iko wapi karatasi ile nyingine?"

"Hii hapa, Mama."

"Andika. Nitakusomea, na wewe utanisomea."

Nikatoa kalamu. Mkono ulikuwa unatetemeka hivi kwamba niliegemeza karatasi kwenye sakafu ya jukwaa. Akanitajia jina lake na nikaliandika. Nikamsomea. Akakubali. Akataja la Khasandi, nikamsomea. "Sasa andika daktari wa Jumatatu. Jina lake silijui. Andika tu daktari atakayenipasua Jumatatu, asalimiwe sana, na mkono wake usiwe kama huo wako."

Mzee Makomere alipokea karatasi kutoka kwangu, akaisoma yote kwanza, ndipo akaibana. Akawaimbia waliobaki wa karatasi ya marehemu, kila nyumba na watu wake, bila kuruka hata mmoja. Kisha akabadilisha mkono kwenye nyuzi. Nilirudisha plagi. Daktari yule asiyejulikana alisalimiwa na ukumbi mzima ukiwa umesimama, na Mama alikuwa anapiga vigelegele, lakini nilimwona alivyoshika mgongo wa kiti kwa mkono mwingine. Sikujua kama alikuwa anatuonyesha sisi ujasiri au alikuwa nao kweli. Hilo ndilo lililonikosesha raha.

Tulipotoka Khasandi alimshika mama yake mkono na hawakunisubiri. Mzee Shimuli alikuwa amesimama karibu na jenereta, ana mafuta viatuni. Alikuwa ameshasikia.

"Uliwasomea?"

"Hapana."

"Kwa sababu?"

"Nawajua."

Alitikisa kichwa, akarudi kwenye jenereta. Nadhani hiyo ilitosha.

Jumapili nilimpigia Khasandi mara tatu. Hakushika. Jioni akaandika, "Mama hataki kula. Hasemi kitu." Nilikaa na ujumbe huo. Niliwaza kwamba ujasiri wa Jumamosi umemwisha. Niliwaza kwamba wale wanawake wa nyuma wamemfikia nyumbani, na kwamba mmoja ameota. Ilinichukua saa mbili kukumbuka kwamba mtu anayepasuliwa Jumatatu huambiwa asile. Na hata baada ya kukumbuka, bado kulikuwa na ile "hasemi kitu."

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa langoni mwa hospitali. Walikuwa wafike saa moja. Saa moja ikapita. Saa moja na nusu. Askari wa lango aliniuliza kama nimeleta mgonjwa, nikasema sijui. Nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia Khasandi kwa maisha yangu yote yaliyobaki, nilipoona wanatokea ng'ambo ya barabara, kwa miguu, polepole, Mama mbele, mkoba kwapani, Khasandi nyuma amebeba beseni na blanketi.

"Mmechelewa," nilisema, maana sikuweza kusema kingine.

"Alikuwa anapiga pasi," Khasandi akasema. Hakutabasamu, lakini alinipa beseni nimsaidie, na nililipokea kama watu wanavyopokea cheti.

Nitakwambia mapema kwamba alipona, kwa sababu mimi mwenyewe siwezi kusoma kitu kama hiki bila kujua. Uvimbe ulitolewa wote. Alirudi nyumbani baada ya siku kumi na mbili, na sasa anawasumbua majirani. Lakini asubuhi ile hatukuwa tunajua chochote. Ndani palikuwa na benchi refu, na muuguzi akaja na fomu kwenye ubao. Alitutazama sote watatu, akaona kalamu kwenye mfuko wa shati langu.

"Wewe binti, mjazie mama hapa. Jina kamili la mgonjwa."

Niliinua mkono kupokea. Mama alikuwa mwepesi zaidi yangu. Aliunyakua ubao, akauweka juu ya mapaja yake, akaunyosha mkono wake kwangu bila kunitazama.

"Huyu asiandike," alimwambia muuguzi. "Lete hiyo kalamu."

Nikampa. Akaegemea karatasi, akaandika polepole, herufi kubwa moja baada ya nyingine, Peris Imali, akibonyeza hadi upande wa pili. Alipomaliza akamwita muuguzi aliyekuwa ameshageuka.

"Rudi hapa," akasema. "Nisomee."